Bahasha ndani ya bahasha: Sahihi ya bingwa huja kwa posta

JE, msomaji, umewahi kumwandikia barua mtu mashuhuri ambaye humjui wala hakujui, ukamwomba atie sahihi kwenye kijikadi kisha akurudishie kwa posta?

Wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao hufanya hivyo kila mwezi. Huandika barua fupi, wakatia ndani kijikadi cheupe pamoja na bahasha ya pili iliyokwisha kuandikwa anwani yao wenyewe, wakalamba stempu na kwenda zao. Kisha husubiri. Miezi miwili hupita, mitano, pengine mwaka mzima. Wanachokisubiri si hundi wala zawadi. Ni jina tu, lililoandikwa kwa mkono wa mwenye jina.

Mzazi wa Kitale anayehesabu karo, mbolea na nauli ya matatu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kuna faida gani kumpa mtoto pesa za stempu ili apate mistari miwili ya wino? Swali hilo ndilo tutakalolijibu leo. Jibu lenyewe, kama utakavyoona, haliko Manchester wala New York. Liko karibu zaidi na nyumbani kuliko wengi wanavyodhani.

Otografu si ngeni kwetu

Kwanza tuondoe dhana kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Waliomaliza shule katika miaka ya themanini na tisini watakumbuka daftari la otografu. Muhula wa mwisho ulipokaribia, daftari hilo lilizunguka bweni zima. Kila mwenzako aliandika jina lake, anwani ya nyumbani, chakula akipendacho, na maneno mawili matatu ya kukuaga. Wengine walibandika picha. Wapo akina mama leo, wenye wajukuu, ambao bado wameyahifadhi madaftari hayo chini ya sanduku la nguo.

Kadhalika, nani asiyekumbuka kadi za salamu? Mtu alinunua kadi dukani, akaijaza majina ya jamaa na marafiki kuanzia Kitale hadi Bungoma, kuanzia Webuye hadi Kimilili, akaituma kwa Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka wa 1989 inaitwa KBC. Baadaye alikaa karibu na redio siku baada ya siku akingoja jina lake lisomwe. Na magazeti yalikuwa na safu za kutafuta marafiki wa kalamu, ambapo kijana wa Kanduyi aliweza kuandikiana na msichana wa Malindi kwa miaka bila kuonana uso kwa uso.

Kwa hivyo, subira ya kungoja barua tunaijua. Kilichobaki ni kuielekeza kwa bingwa.

Mashabiki wa besiboli

Nchi ambako uraibu huu umekomaa zaidi ni Marekani, na mchezo unaoongoza ni besiboli, ule wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mchezo huo haujawa na mizizi mirefu hapa kwetu, ingawa majirani zetu wa Uganda wameutia maanani. Wavulana wa Lugazi waliandika historia mwaka wa 2012 walipokuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto, yaitwayo Little League, huko Williamsport katika jimbo la Pennsylvania.

Shabiki wa besiboli huwa na utaratibu wake. Kila mwaka, kati ya Februari na Machi, timu kubwa hupiga kambi ya mazoezi katika majimbo ya Florida na Arizona, kabla ya msimu kuanza. Huo ndio wakati mashabiki wengi huchagua kutuma barua zao, kwa kuwa mchezaji hajaanza kusafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine na huenda akapata nafasi ya kukaa kitako na kufungua bahasha. Shabiki hutia ndani kadi yenye picha ya mchezaji huyo, au kijikadi kitupu cha inchi tatu kwa tano, pamoja na bahasha ya kurudishia.

Miongoni mwa wachezaji waliosifika kwa kuwaheshimu mashabiki wa namna hiyo ni Harmon Killebrew wa timu ya Minnesota Twins, aliyefariki mwaka wa 2011. Mtu huyu alipiga mapigo makubwa 573, yale ambayo mpigaji huzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani. Lakini jambo jingine alilosifiwa kwalo ni sahihi yake, iliyosomeka herufi kwa herufi. Aliwaonya wachezaji chipukizi dhidi ya kukwaruza kwaruza karatasi kama kuku. Aliamini kwamba mtoto aliyetunza sahihi yako anapaswa kuweza kuisoma, na mjukuu wake vilevile.

Hapo, msomaji, pana fundisho. Sahihi ni mazungumzo ya watu wawili. Shabiki ametoa muda wake kuandika, na bingwa ametoa muda wake kujibu. Ukiondoa muda huo, kilichobaki ni wino.

Stempu isiyovuka mpaka

Sasa tuseme kuna mwanafunzi wa sekondari anayeishi mtaa wa Milimani mjini Kitale. Anampenda mchezaji fulani wa soka nchini Ujerumani na ameamua kumwandikia. Barua ameimaliza, kijikadi amekikata vizuri, na bahasha ya kurudishia ameiandika jina lake na S.L.P. ya shule yao, Kitale 30200, Kenya. Anabandika stempu ya Kenya kwenye bahasha zote mbili.

Bahasha ya kwanza itafika. Ile ya pili haiwezi kurudi. Stempu ya Kenya hulipia safari ya barua inayotoka Kenya tu. Ukiipeleka katika posta ya Munich, ni picha nzuri ya twiga, basi. Mmarekani anayemwandikia Mmarekani mwenzake hana shida hiyo, na ndiyo sababu uraibu huu ulishamiri kwao kwa urahisi.

Mataifa yaliligundua tatizo hili zamani. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka wa 1874 mjini Bern, Uswisi, ulikubaliana katika mkutano wake wa Rome mwaka wa 1906 kwamba pawe na kuponi ya kimataifa ya kulipia majibu. Kuponi hizo zilianza kutumika mwaka uliofuata. Uliinunua katika posta ya kwenu, ukaitia ndani ya barua, na aliyeipokea akaibadilisha kwa stempu za kwao za kukujibu. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wakusanyaji sahihi, wakusanyaji stempu na wapenzi wa redio za mawimbi mafupi waliowaandikia watangazaji wa nchi za mbali.

Lakini kadiri barua zilivyopungua ndivyo nchi zilivyoacha kuziuza. Marekani, kwa mfano, iliacha mwaka wa 2013. Kwa hivyo, kabla ya kuitegemea kuponi, nenda dirishani posta ukaulize.

Njia ya pili ni jamaa. Ni familia chache leo zisizokuwa na mjomba, shangazi au binamu aliyeko ng'ambo. Mwombe akuletee stempu chache za nchi hiyo anapokuja likizo. Tahadhari moja: Uingereza ilibadilisha stempu zake za kawaida, zile zenye kichwa cha mfalme au malkia bila picha nyingine, na kuzitia alama ya mistari ya kusomwa na mashine. Zile za zamani zisizo na alama hiyo zilikoma kukubaliwa mwaka wa 2023, hivyo usimtumie mtu stempu iliyokufa.

Njia ya tatu ni kuandika bila stempu ya kurudishia na kusema ukweli kwamba huna. Klabu nyingi za Ulaya huchapisha kadi maalum kwa ajili ya mashabiki, zenye picha ya mchezaji na nafasi ya kutia sahihi. Huko Ujerumani kadi hizo zimekuwa desturi kiasi kwamba karibu kila klabu kubwa huzitoa kila msimu. Huenda ukajibiwa, huenda usijibiwe. Aliye na kiu ndiye aendaye kisimani.

Je, huu ni ungwana?

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari mwaka wa 2025, aliuliza swali hilo redioni tangu mwaka wa 1966, na Wakenya wa rika zote wakalijua. Laiti angesoma baadhi ya barua ambazo watu huwaandikia mabingwa, angeliuliza mara mbili.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuomba. Barua huanza kwa sifa tele, mstari wa nne ukadokeza viatu, wa sita ukataja karo, na wa nane ukatoa nambari ya simu ya kutumiwa pesa. Shida zipo, hatukatai. Lakini mtu aliyeahidi kuomba sahihi kisha akaomba fedha amemdanganya msomaji wake. Isitoshe, amemharibia anayekuja nyuma yake. Msaidizi wa bingwa akishafungua barua tano za namna hiyo kutoka mji mmoja, ya sita haitafunguliwa, hata kama iliandikwa na mtoto mwadilifu asiyetaka chochote isipokuwa jina.

Kosa la pili ni kutuma vitu kumi vitiwe sahihi. Anayetuma vitu kumi hudhaniwa kuwa mchuuzi. Kimoja kinatosha, na viwili ni upeo.

Kosa la tatu ni kutojua unayemwandikia. Usimwambie mkimbiaji wa mita 10,000 kwamba ulifurahia alivyoshinda mbio za kuruka viunzi na maji, ilhali hajapata kuzikimbia. Soma kwanza. Hapa ndipo mwalimu na mzazi wanapopata faida yao, kwa kuwa mtoto hawezi kuandika barua nzuri ya mistari minane bila kusoma kurasa kadha.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Mpendwa Bingwa,

Natumai u mzima. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Kitale. Mwalimu wetu wa riadha alitusimulia jinsi ulivyokimbia mzunguko wa mwisho, nami nikatafuta habari zako na kuzisoma. Nilichojifunza ni kwamba hukukata tamaa ulipoachwa nyuma. Nami hukimbia mita 1500, ingawa bado sijashinda.

Nakuomba, ukipata nafasi, unitilie sahihi kwenye kijikadi hiki. Kile cha pili ni chako, nimekuchorea Mlima Elgon unavyoonekana kutoka shuleni kwetu. Bahasha ya kurudishia iko ndani. Hata usipopata nafasi, asante kwa kuisoma barua yangu.

Ni mimi wako mtiifu,"

Kisha jina na anwani. Hakuna zaidi. Angalia kwamba mwandishi amesema jambo moja la kweli kuhusu bingwa, jambo moja la kweli kumhusu yeye mwenyewe, na ombi moja.

Wazazi nao wana wajibu. Mtoto asitume barua ambayo hamjaisoma. Tumieni S.L.P. ya familia, ya shule au ya kanisa kwa idhini ya wenyewe, wala msieleze nyumba yenu ilipo. Na mtu yeyote akijibu kwa kudai ada ili sahihi itumwe, huyo si bingwa. Ni tapeli. Ivunjeni kadi ya simu kabla ya kuvunjwa benki yenu.

Wino wa kweli na wino wa uongo

Palipo na mali hapakosi mwizi. Sahihi za watu mashuhuri huuzwa kwa bei kubwa katika nchi za ng'ambo, na bei hiyo imewatia watu tamaa. Mwaka wa 1999, wapelelezi wa FBI nchini Marekani waliwanasa watu waliokuwa wakighushi sahihi za wanamichezo kwa wingi, katika msako uliopewa jina la Operation Bullpen. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni mipira ya besiboli yenye "sahihi" ya Mama Teresa wa Calcutta. Hebu fikiria, msomaji: mtawa aliyetumia maisha yake kuwauguza maskini, akapata wapi nafasi ya kutia sahihi mipira ya besiboli?

Tena si kila sahihi bandia ni ya mwizi. Kuna mashine inayoshika kalamu na kuiga mwandiko wa mtu, nayo hutumiwa na wanasiasa na wasanii wenye barua nyingi mno. Mwaka wa 2022 mwanamuziki Bob Dylan aliaibika baada ya kubainika kwamba vitabu vyake vilivyouzwa dola 600 kila kimoja, kwa madai kwamba amevitia sahihi kwa mkono, vilitiwa sahihi na mashine. Wachapishaji, Simon & Schuster, wakalazimika kuwarudishia wanunuzi pesa zao. Aidha, baadhi ya kadi za klabu huchapishwa zikiwa na sahihi tayari, na nyingine hutiwa na makatibu.

Utatambuaje? Chukua kioo cha kukuza. Sahihi iliyochapishwa imejaa vitone vidogo kama picha ya gazeti. Wino wa kalamu hauna vitone, na ukiigeuza kadi kwenye mwanga utaona mng'ao wake au alama ya mkandamizo wa kalamu. Pili, linganisha na sahihi nyingine ya mtu huyohuyo. Binadamu hawezi kuandika jina lake mara mbili sawasawa kabisa. Sahihi mbili zikilingana mstari kwa mstari, mojawapo au zote ni kazi ya mashine.

Kwa sababu hiyo, sahihi uliyoiomba mwenyewe ina uzito kuliko uliyoinunua. Angalau unajua bahasha ilitoka wapi na ikarudi lini.

Mcheza kwao hutunzwa

Sasa turudi kwenye lile swali la mzazi. Hebu chukua ramani, uweke kidole juu ya Kitale.

Ukienda kaskazini unafika Kapenguria, kaunti ya Pokot Magharibi, anakotoka Tegla Loroupe. Mwaka wa 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za marathoni za New York, na mwaka uliofuata akazishinda tena. Mwaka wa 1998 mjini Rotterdam aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:20:47, kisha mwaka wa 1999 mjini Berlin akaipunguza kwa sekunde nne. Mwaka wa 2016 aliiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro.

Geuka upande wa Bungoma, upande miteremko ya Mlima Elgon hadi Kapsokwony. Huko ndiko alikozaliwa Linet Masai. Katika mashindano ya dunia ya mwaka wa 2009 mjini Berlin, Mwethiopia Meselech Melkamu alikuwa mbele katika hatua za mwisho za mita 10,000 na akaanza kuinua mikono kusherehekea. Masai hakuacha kukimbia. Akampita kwenye utepe na kutwaa dhahabu. Katika mashindano hayohayo, kaka yake, Moses Masai, alitwaa shaba ya mita 10,000 upande wa wanaume. Nyumba moja, mbio za umbali mmoja, medali mbili. Ni watoto wangapi wa Bungoma wanaoweza kuisimulia hadithi hiyo kama wanavyosimulia mabao ya Arsenal?

Teremka Eldoret, mji alioufanya makao yake Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1500 mjini Mexico City mwaka wa 1968 na ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka wa 1972. Panda tena hadi Iten, ambako wakimbiaji hupishana alfajiri kama wanafunzi waendao shule.

Kwa hawa wote, stempu ya Kenya inafanya kazi kwenda na kurudi. Huhitaji kuponi ya Rome wala binamu wa London. Bahasha ndani ya bahasha, stempu mbili, basi. Wakimbiaji wetu wengi huwa wameajiriwa na polisi, jeshi au magereza, na barua inaweza kupitia kwa mwajiri wao. Unaweza pia kuiandikia Athletics Kenya katika Riadha House, Nairobi, uombe ipelekwe kwa mhusika.

Na hapa pana jambo la kuumiza moyo. Tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia. Tarehe 11 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 24, alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kaptagat. Kati ya siku hizo mbili ipo miezi minne tu. Siku nne baada ya kifo chake akafariki Henry Rono, yule ambaye mwaka wa 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Kabla yao, mwaka wa 2019, alikuwa ametutoka Joe Kadenge, jina lililowafanya wazee wetu wa Magharibi waache ng'ombe malishoni wakimbilie redio.

Ni familia ngapi za Kitale, Bungoma au Eldoret zilizo na kijikadi chenye jina la mmoja wao kwa mwandiko wake? Tuliwaona njiani, tukawapigia honi, tukasema tutaomba siku nyingine. Siku nyingine haikufika.

Bwana wa vipepeo

Mwishowe, ukiipata sahihi, itunze. Katika jambo hili Kitale ina mwalimu wake. Makumbusho ya Kitale, wanakopelekwa watoto wetu kuwatazama nyoka na kobe, chanzo chake ni mtu mmoja aliyependa kukusanya vitu. Luteni Kanali Hugh Stoneham alikuwa na uraibu wa kukusanya wadudu, wanyama na vitabu tangu utotoni. Mwaka wa 1926 alianzisha makumbusho yake ya binafsi. Alipofariki mwaka wa 1966 alikuwa ameiachia Kenya makusanyo yake pamoja na fedha za kujenga jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1974, likiwa makumbusho ya kwanza ya taifa katika bara, mbali na Nairobi na pwani.

Wakusanyaji wa namna hiyo wana kanuni moja: kipepeo asiye na kibandiko cha mahali na tarehe hana thamani kwa mtaalamu, hata akiwa mzuri namna gani. Ndivyo ilivyo kwa sahihi. Usiitupe bahasha iliyoileta, kwani muhuri wa posta ndio ushahidi wa siku na mahali. Andika kwenye karatasi ya pembeni: nilimwandikia lini, nikajibiwa lini, alikuwa ameshinda nini. Nakala ya barua yako iweke hapo hapo.

Usiibandike sahihi ukutani ambapo jua litaifuta wino. Usiitie gundi, wala usiipeleke ikafunikwe kwa plastiki ya moto kama kitambulisho, kwa sababu haitatoka tena. Itie ndani ya mfuko laini wa plastiki, uiweke kwenye faili, na faili uliweke juu ya rafu, mbali na ukuta wenye unyevu. Mvua za Kitale mnazijua, na mchwa wa Trans Nzoia hawajui tofauti ya sahihi na boriti.

Faida, basi, ndiyo hii. Mtoto aliyemwandikia bingwa amesoma habari za nchi yake, ameandika barua kwa adabu, amejifunza kuomba bila kuombaomba, na amekubali kungoja katika zama ambazo hakuna anayengoja. Akijibiwa, ana kitu ambacho hakuna duka linaloweza kumuuzia. Asipojibiwa, barua nzuri ameandika.

Jumapili ijayo baada ya chakula, zima televisheni kwa nusu saa. Kateni vijikadi viwili, tafuteni bahasha mbili, na kila mtu nyumbani amtaje bingwa mmoja wa kwetu ambaye angependa kumshukuru. Jumatatu posta itakuwa wazi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.